Redio Isiyomjua Msikilizaji Wake



Wapo wanaotucheka kwa kuendelea kufungulia redio ya masafa mafupi hapa Makongolosi, ilhali simu imo katika kila mfuko. Sisi twaona burudani hii haijapitwa na wakati. Mawimbi hayo hupanda hadi tabaka la juu la anga, yakarudishwa ardhini mbali sana. Jua likizama, mita 49 na mita 31 huchangamka. Kipande cha waya kilichofungwa mwembeni chatosha, wala hapahitajiki kifurushi. (Betri, naam, zahitajika.)

Zaidi ya hayo, simu huweka kumbukumbu ya kila tulichofungua; redio hupokea tu. Ndivyo Radio Freedom ya ANC, ilipokuwa ikitangaza kutoka Dar es Salaam, ilivyosikilizwa kwa siri ndani ya Afrika Kusini ya ubaguzi.

Kinachotusikitisha ni kupungua kwa vituo. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa na serikali yake yenyewe, na waliozoea kuitafuta jioni wakakuta mvumo mtupu.

Aliye na redio kuukuu kabatini asiitupe. Aijaribu usiku, akiisha kuzima taa za LED na kuchomoa chaja. Mikwaruzo mingi hutoka humo.