Watoto wa Molinere Hawana Minyororo

Vicissitudes, kazi ya mchongaji Mwingereza Jason deCaires Taylor, ni duara la sanamu 26 za watoto walioshikana mikono, wakiwa wameupa mgongo upande wa ndani wa duara, chini ya maji ya ghuba ya Molinere huko Grenada. Picha yake hurudi tena na tena kwenye makundi ya WhatsApp na maelezo yaleyale: kwamba ni kumbukumbu ya Waafrika waliotoswa baharini kutoka merikebu za watumwa. Maelezo hayo si kweli, na kila anayeyasambaza bila kuuliza anaiua kazi yenyewe.

Mwaka 2004 Kimbunga Ivan kiliikumba Grenada na kuharibu matumbawe yake. Mwaka 2006 Taylor, mpiga mbizi wa siku nyingi, alianza kushusha sanamu Molinere. Watoto wa kisiwani walichukuliwa kalibu za miili yao, kisha maumbo yakamiminwa kwa saruji isiyodhuru viumbe wa baharini. Uso wa sanamu huachwa na mikwaruzo ili viumbe wapate pa kushika. Mwani hutangulia, sifongo na matumbawe hufuata, samaki nao hupata maficho. Wageni wanapoogelea hapo, miamba ya asili hupumzika. Sura za watoto hazibaki zilivyokuwa, na kubadilika huko ndiko kunakotajwa na jina la kazi. Taylor mwenyewe ameeleza kwamba hakukusudia utumwa.

Grenada iliuonja utumwa. Mjukuu wa waliofungwa akiwaona mababu zake katika duara lile, hana kosa. Kosa ni kumbandika msanii nia asiyokuwa nayo. Kumbukumbu ya utumwa iliyokusudiwa iko Mkunazini, Zanzibar: sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998 zimo shimoni, minyororo shingoni, palepale lilipokuwa soko la watumwa. Pale ardhi yenyewe hutoa ushahidi. Molinere nako bahari ina ushahidi wake: dhoruba iliyobomoa na uhai unaojijenga upya.

Upotoshaji huu unatokana na picha kung'olewa mahali pake. Sanaa iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali fulani husomwa pamoja na mahali hapo. Anayewavika watoto wa Molinere minyororo anaipora Grenada watoto wake, na waliotoswa anawaachia kumbukumbu ya uongo.