Bulsara: Jina Lililobaki Baada ya Mji Kubadili Jina

Ndugu msomaji, wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Usemi huu hutajwa sana pale watu wanapozungumzia mila na desturi, lakini ni wachache wanaokumbuka kuwa asili ya mtu aghalabu imefungwa ndani ya kitu kidogo anachokichukua kila aendapo bila ya kuuhisi uzito wake. Kitu hicho ni jina. Jumapili hii safu yetu inalitazama jina moja la ukoo kutoka India, jina adimu, ambalo wakazi wengi wa Unguja wamepata kulisikia pasi na kuijua maana yake. Jina lenyewe ni Bulsara.

Tarehe 5 Septemba, 1946, alizaliwa Unguja mtoto wa kiume aliyeitwa Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu katika serikali ya kikoloni. Mtoto alipelekwa India kusoma, akarejea Unguja mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia yake ikahamia Uingereza. Huko, kiasi cha mwaka 1970, kijana yule alijichagulia jina jipya, akawa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Alifariki tarehe 24 Novemba, 1991. Habari za muziki wake zinajulikana ulimwengu mzima, nasi hatutazirudia hapa. Tunalolitaka leo ni lile jina aliloliweka kando.

Maana yake si ya kutafutwa mbali. Katika jimbo la Gujarat, magharibi ya India, kiasi cha kilomita 200 kaskazini ya Mumbai, upo mji ambao zama za utawala wa Waingereza uliandikwa Bulsar. Bulsara ni mtu wa Bulsar, basi. Lugha ya Kigujarati ina desturi ya kulinyoosha jina la mji hata likawa jina la mtu. Aliyetoka Bharuch akaitwa Bharucha, aliyetoka Bilimora akaitwa Billimoria, na aliyetoka Surat akaitwa Surti.

Lakini hebu tuitafakari habari hii kwa makini. Mtu wa Bulsar haitwi Bulsara akiwa Bulsar. Pale mjini kila mtu ni wa Bulsar, na jina hilo halimtofautishi na jirani yake. Ataitwa hivyo siku atakapofunga mizigo, akaenda ugenini, na wenyeji wa huko wakataka kujua huyu ni nani na ametoka wapi. Sisi wenyewe tunayajua mambo haya. Mngazija huitwa Mngazija akiwa Unguja. Nyumbani kwao Ngazija huitwa kwa jina lake na la baba yake. Kwa sababu hiyo, jina la ukoo linalotokana na mji ni ushahidi wa safari. Linatwambia kuwa hapo kale alikuwako babu mmoja aliyeondoka.

Ukoo wa Farrokh ni wa Waparsi, na safari kwa Waparsi si jambo geni. Hawa ni wafuasi wa dini ya kale ya nabii Zarathustra, ambao wazee wao walitoka Uajemi baada ya nchi hiyo kutekwa na Waarabu katika karne ya 7. Kwa mujibu wa masimulizi yao, walitia nanga Sanjan, katika pwani ya Gujarat, si mbali na Bulsar. Neno Parsi lenyewe ni jina la mahali, kwani maana yake ni mtu wa Pars, jimbo la Uajemi ambalo leo huitwa Fars. Msomaji wa pwani atatambua hapa jambo la kupendeza. Mji mkuu wa jimbo hilo ni Shiraz, ambao Washirazi wetu wanautaja katika masimulizi yao ya asili. Watu wawili walio kando mbili za bahari moja, majina yao yanaelekeza kidole katika jimbo moja.

Hata hivyo, tusidhani kuwa Waparsi walikuja India na majina ya koo. Kwa karne nyingi mtu alijulikana kwa jina lake, likafuatiwa na la baba yake, basi. Desturi hii tunaiona katika jina la Dadabhai Naoroji, Mhindi aliyechaguliwa kuingia Bunge la Uingereza mwaka 1892: Naoroji lilikuwa jina la baba yake. Majina ya koo yalishika mizizi Waparsi walipohamia kwa wingi Bombay, mji ambao tangu mwaka 1995 huitwa rasmi Mumbai. Mji mkubwa una mahakama, mabenki, shule na madaftari ya kodi, na daftari halipendi watu wawili wenye jina moja. Kila mtu ikambidi awe na jina la kumtenga na wenziwe, akachukua lile lililokuwa karibu. Hapo ndipo linapopatikana jibu la swali letu: kwa nini majina mengine ya Kihindi yamejaa kila mahali, na mengine ni adimu kama maji ya jangwani?

Tuyagawe majina hayo katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la vyeo. Patel alikuwa mkuu wa kijiji. Desai alikuwa ofisa wa mapato ya ardhi. Kwa kuwa kila kijiji kilihitaji mkuu wake, na kila wilaya ilihitaji mtu wa kukusanya kodi, majina haya yalizaliwa mahali pengi kwa wakati mmoja, katika koo zisizokuwa na udugu wowote wa damu. Morarji Desai, aliyekuwa Waziri Mkuu wa India kuanzia mwaka 1977 hadi 1979, alizaliwa mwaka 1896 katika kijiji cha Bhadeli, karibu na mji wetu huu huu wa Bulsar. Ardhi ni moja, lakini Desai wamejaa India nzima na Bulsara ni wa kuhesabika. Cheo kilikuwa katika kila wilaya, na Bulsar ni moja tu.

Fungu la pili, basi, ni la miji. Jina la namna hii linaweza kuchukuliwa na mtu yeyote aliyetoka katika mji huo, awe Mparsi au wa dini nyingine, na tahajia yake hubadilika kidogo kwa kadiri ya karani aliyeandika. Ndiyo maana wako pia wanaojiita Balsara. Lakini idadi yao haiwezi kuzidi kizazi cha wale walioondoka, na mji mdogo hautoi wasafiri wengi.

Fungu la tatu ni la kazi na lakabu, na humu ndimo yanamopatikana majina adimu kupita yote. Kigujarati na Kihindi vina kiambishi "wala", ambacho kazi yake inakaribia neno letu "mwenye". Daru ni pombe, na Daruwala ni mwuza pombe. Batli ni chupa, na Batliwala ni mtu wa chupa. Tajiri na mfadhili mashuhuri wa Bombay, Jamsetjee Jejeebhoy, aliyezaliwa mwaka 1783 na kufariki mwaka 1859, alipata kuitwa hivyo kwa sababu ya biashara ya chupa. Waingereza walipoleta kazi mpya, Waparsi walizifanya kazi hizo kuwa majina bila ya kuzitafsiri. Kutokana na hayo India ikapata wachezaji mashuhuri wa kriketi wanaoitwa Farokh Engineer na Nari Contractor, majina ambayo kwetu yangekuwa Mhandisi na Mkandarasi.

Pengine lililo la ajabu kuliko yote ni Readymoney, ambalo maana yake ni fedha taslimu. Lilikuwa lakabu la wafanyabiashara wa ukoo mmoja wa Bombay ambao daima walikuwa na fedha mkononi za kukopesha. Cowasji Jehangir Readymoney, aliyeishi kati ya mwaka 1812 na 1878, alitoa mali nyingi kwa ajili ya shule na hospitali, na bomba la maji alilolijenga mwaka 1869 bado limesimama katika bustani ya Regent's Park mjini London. Lakini kizazi kilichomfuata kilijulikana zaidi kwa jina la Cowasji Jehangir, na lile la fedha taslimu likafifia. Jina lililozaliwa na mtu mmoja huweza kuzimwa na mtu mmoja.

Sasa tuingie katika hesabu. Sensa ya mwaka 1941, kabla India haijagawanywa, iliwakuta Waparsi 114,890. Sensa ya mwaka 2001 ikawakuta India 69,601. Ile ya mwaka 2011 ikawakuta 57,264. Katika nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 1,210 mwaka huo, Mparsi alikuwa mtu mmoja katika kila watu 21,000 hivi. Wagawe watu hao wachache katika mamia ya majina ya koo, kila moja na mji wake, kazi yake au lakabu yake, nawe utaona kuwa jina moja haliwezi kubakiwa na watu wengi.

Sababu za kupungua zinajulikana. Wengi huoa na kuolewa wakiwa wamechelewa, wengine hawaoi kabisa, na wengi wamehamia ng'ambo. Kadhalika, hukumu iliyotolewa na Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 1908 iliutia nguvu msimamo uliofuatwa kwa muda mrefu: mtoto wa baba Mparsi huhesabiwa Mparsi hata kama mama ni wa nje, lakini mtoto wa mama Mparsi na baba wa nje hahesabiwi. Mwaka 2013 Serikali ya India ilianzisha mpango maalumu wa kuwasaidia Waparsi kupata watoto. Ni mara chache serikali ya nchi yenye watu wengi namna ile kuhimiza uzazi!

Lakini hata katika jamii isiyopungua, jina la ukoo liko hatarini. Mwaka 1873 mtaalamu wa Kiingereza, Francis Galton, aliuliza ni kwa nini koo mashuhuri hutoweka. Mwanahesabu Henry Watson akamsaidia kulitafuta jibu, na wengine baadaye wakalisahihisha. Kwa ufupi ni hivi. Ikiwa jina hurithiwa kwa upande wa wanaume peke yao, na kila mwanamume kwa wastani hapati zaidi ya mtoto mmoja wa kiume, basi jina hilo safari yake ina mwisho. Hapana haja ya vita wala maradhi. Baba mwenye mabinti watatu, wote wazima, wote wenye watoto na wajukuu, damu yake itaendelea na jina lake litakoma. Na Farrokh ametuonyesha njia nyingine bado, ambayo ni mtu kulivua jina lake kama koti na kuvaa jingine.

Pamoja na hayo, lipo jambo moja katika habari ya Bulsara lenye kuutia moyo faraja. Mji ule hauitwi tena Bulsar. Siku hizi huandikwa Valsad, kama wenyeji wanavyoutamka. Mgeni akishuka katika stesheni ya reli ataona ubao ulioandikwa Valsad, na Bulsar ataitafuta katika ramani za zamani. Lakini popote alipo mtu mwenye jina la Bulsara, jina la kale la mji huo lingali hai. Mji umelitupa, na watoto wa wale walioondoka wamelihifadhi.

Ndugu msomaji, wengi wetu hatuna majina ya koo ya namna hii. Mtoto wetu huandikwa jina lake, la baba yake na la babu yake, kama Waparsi walivyokaribia kufanya zamani. Desturi hii ni nzuri na ina heshima, lakini ina pengo lake: mtoto wa mtoto huyo atakapoandikishwa shule, jina la yule babu litakuwa limeshuka katika karatasi, na baada ya kizazi kimoja zaidi hakutakuwa na wa kulitaja. Mparsi akisahau kila kitu, jina lake bado humwambia alitoka mji gani au babu yake alifanya kazi gani. Sisi karatasi haitatwambia. Atakayetwambia ni mzee aliye hai.

Wengi tunaokaa mijini tumetoka mahali pengine, kama Bulsara wa kwanza. Kwa hiyo, likizo itakapofika nawe ukaenda kuwasalimu wazee, chukua daftari la shule la kurasa arubaini. Muulize bibi majina ya wazee wake mpaka kumbukumbu yake itakapokoma, kwa upande wa baba na kwa upande wa mama pia, maana tumeona hasara ya kuhesabu upande mmoja. Muulize walitoka wapi, na pale walipofika wenyeji waliwaitaje. Kisha liweke daftari hilo pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wahenga walisema pia kuwa jina jema hung'ara gizani, lakini lazima awepo anayelikumbuka.

Hadi Jumapili ijayo, panapo majaliwa.