Kangal au Boerboel? Kwanza ijulikane nani anashinda nyumbani

Mjadala huu huanza wiki ile jirani amevunjiwa nyumba. Baba anarudi jioni na picha kwenye simu: mbwa wa rangi ya mchanga, uso mweusi, shingoni kola ya chuma yenye miiba. "Mama watoto, huyu anapigana na mbwa mwitu," anasema. Mama naye ameshatumiwa na rafiki yake picha ya mbwa mwingine, kichwa kama ndoo, kifua kipana, amelala kibarazani pembeni ya mtoto. Wa kwanza ni Kangal wa Uturuki. Wa pili ni Boerboel wa Afrika Kusini. Wote wawili ni adimu huku kwetu, na madume yao hupita kilo 50 bila shida.

Kisha wanabishana nani mkali zaidi. Hilo halina haja ya kuwakosesha wazazi usingizi, maana ukali upo kwa wote wawili. Denmark iliwapiga marufuku wote mwaka 2010, ndani ya orodha moja ya aina 13 za mbwa. Cha kuuliza ni kila mmoja alifugwa kwa kazi gani, na kama kazi hiyo ipo kwenye kiwanja cha familia inayomtaka.

Kangal amepewa jina la wilaya moja ya mkoa wa Sivas, katikati ya Uturuki. Kazi yake ni kukaa na kondoo. Haswagi kundi wala halikusanyi. Mchana anajilaza katikati yao kama mvivu, usiku anapanda mahali palipoinuka na kusikiliza. Ile kola ya miiba haikuwekwa kwa ajili ya picha. Ni ya kukinga koo lake na meno ya mbwa mwitu. Na kwa kuwa mchungaji anaweza kuwa mbali, vizazi na vizazi vya mbwa hawa vimezoea kuamua vyenyewe bila kungoja amri.

Hapa Afrika kazi hiyo ameshaifanya. Tangu mwaka 1994 shirika la Cheetah Conservation Fund la Namibia limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa ukoo huu wa Anatolia, ili mbuzi wasiliwe na duma na wafugaji wasiwapige risasi duma. Mbwa anapelekwa zizini akiwa mtoto, anakua akiamini mbuzi ni ndugu zake. Familia yenye mbuzi arobaini kule Monduli, ambako fisi hupita usiku, ingeona faida ya mbwa wa namna hiyo. Lakini amnunue mtoto, amlaze na mbuzi. Aliyelelewa sebuleni hadi akawa mkubwa hatakuwa na habari na mbuzi wa mtu.

Sasa mlete Kangal huyo kwenye kiwanja cha mita ishirini kwa thelathini, Tabata. Hana kondoo, hivyo atalinda chochote atakachokiona ni chake, na mtaa mzima unaweza kuwa wake. Bodaboda ikipita, anabweka. Muuza samaki akiita, anabweka. Saa nane usiku paka akiruka ukutani, anabweka tena, na asubuhi majirani wako getini. Ukimwita, anafikiri kwanza. Manyoya yake yana tabaka mbili, na joto la Dar es Salaam si lile kavu la kwao.

Boerboel ana historia nyingine. Kwa Kiafrikana, boer ni mkulima, na huyu alikuwa mbwa wa nyumbani kwa mkulima. Alilinda boma, na watu walikuwa ndio kundi lake. Kwa hiyo desturi yetu ya kumfungia mbwa bandani mchana kutwa na kumfungulia usiku ndiyo njia ya haraka ya kumharibu. Anahitaji kuwa na watu, kufundishwa tangu akiwa mdogo, na kuonyeshwa wageni wengi akiwa bado anabebeka. Akifika kilo 70, somo limechelewa. Watoto wa nyumba anawajua. Tatizo ni binamu waliokuja likizo: wakianza kukimbizana na kupiga kelele, mbwa anaweza kudhani mtoto wake anaumizwa. Mtu mzima awepo, kila mara. (Familia za Kiislamu zina la ziada la kupima. Mbwa wa ulinzi na wa mifugo ana ruhusa, lakini mate yake yana masharti ya kujisafisha na kuosha vyombo, na huyu ni mbwa anayetaka kukaa karibu.)

Halafu kuna mtu ambaye hakuulizwa kabisa: dada wa kazi. Baba yuko kazini, mama yuko dukani, watoto shule. Anayefungua geti, anayeanika nguo uani na kumwekea mbwa chakula ni yeye. Kama anamwogopa, mbwa atajua siku ya kwanza. Na dada akiondoka baada ya miezi minne, anakuja mwingine, mgeni kabisa, ambaye mbwa wa ulinzi anatakiwa amkubali ndani ya boma lake bila mwenye nyumba kuwepo. Nyumba inayobadilisha wasichana mara tatu kwa mwaka haifai kuwa na Boerboel, hata kama pesa ipo.

Pesa yenyewe haiishii kwenye kununua. Mbwa wakubwa hivi huugua nyonga, kwa hiyo picha za eksirei za wazazi wake ziombwe kabla ya kulipa. Ugali na dagaa vya mbwa koko havitoshi kujenga mifupa hiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Penye mbuzi na eneo, Kangal. Penye mtu mzima wa familia anayeshinda nyumbani na yuko tayari kumfundisha, Boerboel. Nyumba inayofungwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja jioni isichukue yeyote kati yao. Taa ya getini na jike wa kienyeji aliyechanjwa vitaifaa zaidi: anabweka mtu akigusa ukuta, na dada wa kazi anampa maji bila kutetemeka.