Gari za mbao zisiuliwe, zipewe kiwango

Anayepanda daladala namba 116 ya Nungwi au 309 ya Jambiani huinama mlangoni, akajibana kwenye benchi na kutazamana na wenzake njia nzima. Juu, kwenye keria, yamepangwa matenga na magunia. Upepo hupita pande zote. Mvua ikianza, utingo huteremsha turubai lililokunjwa chini ya paa. Hizo ndizo gari za mbao za Unguja. Wapo wanaotamani zitoweke kesho, nao wanakosea.

Bodi hutoka mikononi mwa mafundi wa hapahapa. Lori dogo huvuliwa bodi yake ya nyuma, ikabaki kabini na chesesi. Juu ya chesesi hulazwa mihimili ya mbao ngumu, ikakazwa kwa boliti. Roho ya gari imo humo: sakafu, nguzo, mabenchi na paa vyote vinaitegemea mihimili hiyo.

Kujenga ni nusu ya kazi. Hewa ya chumvi hula misumari hata pale mbao ikiwa bado nzima. Masika huivimbisha mbao, kiangazi kikaisinyaza, na boliti zikalegea. Maji yakituama kwenye kona za sakafu, uozo huanzia chini, huku rangi mpya ikiuficha. Mkaguzi anayezunguka gari akitazama rangi hajakagua kitu. Na aingie chini na bisibisi, achome ncha za mihimili moja moja. Ikizama, gari isitoke.

Mafundi wa majahazi wa Nungwi hawangoji chombo kizame. Hukipandisha pwani, wakatia kalafati ya pamba kwenye nyufa na kupaka deheni. Gari inayobeba wanafunzi na wagonjwa inastahili ratiba kama hiyo, iliyoandikwa na kusimamiwa.

Hatari zipo, tena kubwa: abiria hukaa ubavu bila mkanda, mzigo wa juu huiyumbisha gari kwenye kona, na mbao hupasuka ajalini. Kenya ina kiwango cha bodi za mabasi na matatu, KS 372, kinachoziambia karakana bodi ijengwe vipi. Taasisi ya Viwango Zanzibar ingeweza kuandika cha gari za mbao: unene wa mihimili, fremu ya chuma ndani ya paa, kikomo cha mzigo wa keria. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo Mwanakwerekwe na Mkokotoni, iwaite mafundi wazee wawafundishe vijana.

Ubao ukivunjika Makunduchi asubuhi, seremala wa kijijini anaweza kuubadili siku hiyohiyo kwa msumeno na randa. Kioo cha basi la kuagizwa huenda kikangoja meli. Kwa hiyo usafiri mpya wa Unguja unapopangwa, mafundi hawa wakae mezani tangu mwanzo, na wamiliki wapewe muda wa kuziimarisha gari zao kabla kiwango hicho hakijaanza kutumika.