Draiva ya Wazi na Draiva Iliyofungwa: Ipi Imfaayo Mtumiaji wa Linux?

Vijana kadhaa miongoni mwa wasomaji wetu wameuliza: mwenye kutumia Linux katika kompyuta yake, ni ipi bora kwake, draiva ya wazi ya kadi ya picha au draiva iliyofungwa na kampuni? Twaona jibu lafaa lisomwe na wazazi pia, kwani wao ndio watoao fedha. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima haziwezi kupokea Windows 11. Mwenye mashine ya namna hiyo, asiyependa kuitupa, mara nyingi huelekezwa kwenye Linux. Na akifika huko, moja katika mambo yawezayo kumsumbua ni kadi ya picha.

Kwanza tufahamishe maneno. Linux ni mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Maandishi ya programu yake yako wazi. Kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyatengeneza na kumpa mwenziwe. Kadi ya picha ni kile chombo cha ndani kichoracho kila kitu tukionacho kiooni. Na draiva ni mkalimani asimamaye baina ya mfumo na kadi. Kila ukoo wa kadi una lugha yake, na aliyeiunda ndiye aijuaye lugha hiyo. Akiitangaza, watu wengine waweza kuandika mkalimani wao. Akiificha, hawana budi kubahatisha.

Draiva ya wazi, basi, ni ile ambayo maandishi yake yametolewa hadharani. Iliyofungwa ni ile ambayo kampuni hukupa ikiwa tayari, ukaitumia kama ilivyokuja, wala huwezi kuona ndani yake.

Makampuni yanayojulikana zaidi katika kadi hizi ni matatu. Intel kwa jumla imeweka draiva zake za Linux wazi. AMD iliinunua kampuni ya ATI mwaka 2006, na mwaka 2007 ikaanza kutangaza maelezo ya kadi zake. Mwaka 2015 draiva yake ya wazi, iitwayo amdgpu, ikaingizwa katika kiini cha Linux. Amma Nvidia, yenyewe kwa miaka mingi ilitoa draiva iliyofungwa. Wakajitokeza watu wa kujitolea, wakawa wanachungua jinsi draiva ya kampuni inavyosema na kadi, na kwa kuchungua huko wakaandika draiva ya wazi waliyoiita nouveau. Mwaka 2010 ikaingia katika kiini cha Linux. Mwaka 2012 Torvalds mwenyewe, akiwa katika Chuo Kikuu cha Aalto huko Finland, aliikemea Nvidia mbele ya watu kwa maneno makali. Kisha katika kadi zilizoanza kutoka mwaka 2014 likazuka zito zaidi: kadi ikawa haikubali kuongezwa mwendo ila kwa programu ndogo yenye sahihi ya kampuni. Nouveau haikuwa na sahihi hiyo. Basi kadi iliyonunuliwa kwa fedha nyingi ikawa yaenda mwendo wa punda aliyefungwa mguu.

Sasa tusikilize hujja za pande zote mbili.

Wanaoitetea draiva ya kampuni wasema kwamba mwenye kuunda kadi ndiye aijuaye zaidi, na kwa kadi za Nvidia draiva yake imekuwa na kasi kubwa kuliko ile ya kujitolea. Wasema pia kuwa ziko kazi zinazoitaka khasa, kama zile zitumiazo CUDA katika hesabu kubwa na mafunzo ya akili bandia. Hayo ni kweli, na mtu ambaye riziki yake imo katika kazi hizo hana lawama akiitumia. Tena wasema kuwa hata draiva za wazi si wazi mpaka mwisho, kwani kadi za AMD nazo zahitaji programu ndogo zilizofungwa zipakiwe ndani yake. Hilo nalo ni kweli, na insafu yatutaka tulikubali.

Wanaoitetea draiva ya wazi wana hujja tatu. Ya kwanza, huja pamoja na Linux yenyewe, na kiini cha mfumo kikifanywa upya nayo hufanywa upya pamoja nacho. Iliyofungwa hapana budi ilinganishwe na kila kiini kipya. Na ulinganisho ukishindikana, mtu huwasha mashine yake asubuhi akakuta kioo cheusi. Ya pili, katika kompyuta zenye ulinzi wa kuwasha uitwao Secure Boot, draiva iliyoongezwa kutoka nje huweza kukataliwa mpaka itiwe sahihi.

Ya tatu ndiyo kubwa kwa watu wa kipato kidogo, nayo ni umri. Mwishoni mwa 2022 Nvidia iliacha kuihudumia draiva ya kadi za ukoo wa Fermi, zilizoanza kutoka 2010. Mwaka 2024 ikawa zamu ya kadi za ukoo wa Kepler, zilizoanza kutoka 2012. Kadi hizo hazikufa. Nyingi zingali zafanya kazi. Kilichosimama ni mkalimani, ambaye hajifunzi tena maneno mapya ya mfumo, na fundi wa nje hawezi kumfundisha kikamilifu kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi yake haikutolewa. Kwa upande wa pili, kadi za Radeon zilizotoka hata kabla ya 2010 zingali zina draiva za wazi ndani ya Linux, na mwenye ujuzi aweza kuzitengeneza bila ya kuomba idhini ya mtu.

Hata hivyo hali si ile ya zamani. Mei 2022 Nvidia ilitoa wazi maandishi ya ile sehemu ya draiva yake ikaayo katika kiini, kwa kadi za ukoo wa Turing wa mwaka 2018 na zilizofuata. Na mwaka 2024 ikaifanya sehemu hiyo kuwa ya kawaida kwa kadi hizo. Sehemu ya juu, ifanyayo kazi yenyewe ya kuchora, bado imefungwa. Nouveau nayo, tangu Linux 6.7 ya Januari 2024, yaweza kuongeza mwendo wa kadi hizo za Turing na zilizofuata.

Kauli yetu ni hii. Mwenye kadi ya Intel au AMD atumie draiva iliyokuja na Linux yake, wala asihangaike kutafuta nyingine. Mwenye Nvidia ya Turing au iliyo mpya zaidi, na ana kazi nzito, achukue draiva ya kampuni, lakini aipate kutoka ghala ya programu ya Linux yake, kama vile Ubuntu, Debian au Fedora, wala si kwa kuokota mahali asipopajua. Mwenye Nvidia kongwe aridhike na nouveau: kusoma na kuandika kwaweza kumtosha, lakini michezo mizito asiitarajie.

Na anayekwenda kununua mashine iliyotumika asitoe fedha kabla ya kujua jina la kadi. Achukue Linux katika flashi, aiwashe mashine kwa flashi hiyo mbele ya muuzaji, na aandike amri ya lspci, jina litatokea. Aitazame picha, ailaze mashine kisha aiamshe, na aiunganishe na kioo cha pili ikiwa atakihitaji. Kazi hii ni ya dakika chache tu. Muuzaji ajuaye kwamba kadi yake imekwisha kuachwa na kampuni, naye mnunuzi akamwuliza habari zake akanyamaza, ameficha aibu ya bidhaa. Na hukumu ya kufanya hivyo wasomaji wetu waijua.

Twawausia vijana jambo moja zaidi. Draiva ya wazi mnayoipata bure ina watu waliokesha kwa ajili yake. Mkiona kasoro, msiishie kunung'unika. Iandikeni kwa adabu na kwa ukamilifu: jina la kadi, namba ya kiini, na kilichotokea, kisha mwapelekee wenye kuitengeneza. Na aliye na kipaji asome maandishi yenyewe, kwani hayakufichwa kwake.