Mashine ya Chai na Haki ya Mchumaji

Imekuwa desturi ya zama zetu kwamba kikizuka chombo kipya cha kazi, watu hugawanyika makundi mawili kabla ya kukiona kwa macho, hawa wakikishangilia kwa kuwa ni kipya na wale wakikilaani kwa sababu iyo hiyo. Na baina ya kelele za pande hizo mbili, yule ambaye chombo chenyewe kinakuja kumpa riziki au kumpokonya hupita na kikapu chake mgongoni, asiulizwe neno. Mjini Nairobi mjadala wa leo ni wa akili unde, na una haki ya kuwapo. Lakini sisi wa Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, tunayo mashine yetu ya kujadili, ambayo haikungoja tumalize kusoma magazeti, nayo ni mashine ya kuchuma chai. Nakusudia kuieleza hali yake jinsi ilivyo, kisha niseme pasipo kuumauma maneno namna inavyotupasa kuipokea.

Asiyepata kusimama katika shamba la chai asubuhi, tuseme upande wa Kebirigo au Sanganyi, aghalabu hudhani kwamba kuchuma ni kazi ya nguvu tu. Sivyo. Mchumaji huingia baina ya mistari akiwa amejifunga nailoni kiunoni ili umande usimloweshe, kikapu kikining'inia mgongoni kwa kamba, na mikono yake yote miwili hutembea pamoja juu ya meza ya michai huku vidole vikichagua: majani mawili na chipukizi, basi. Jani lililokomaa huachwa, kikonyo kigumu huachwa, na chipukizi ambalo halijawadia huachiwa mzunguko ujao, baada ya juma moja au zaidi kidogo. Viganja vikijaa, hutupia begani pasipo kugeuka, na tupio haliangukii nje ya kikapu. Mchana mzigo hupelekwa kwenye kituo cha kupimia chai, na huko karani huupekua kwa mkono, akatazama hali ya jani, akapima, akatoa risiti; na chai iliyochanganyika na majani magumu hurudishwa, hata kama aliyeileta ameipandisha kilima kizima. Ujira wake ni kwa kilo, wala hapana kilo ya huruma.

Mashine nayo, ile ndogo ambayo wakulima wetu wanaweza kuimudu, ina wembe mrefu wenye meno, injini ya petroli, na mfuko wa kitambaa unaoburutwa nyuma. Watu wawili huishika, mmoja upande huu wa mstari na mwenziwe upande ule, wakatembea. Na lolote lililozidi kimo cha wembe hukatwa, liwe chipukizi, liwe jani gumu, liwe kijiti. Kazi ya siku nzima ya watu wengi humalizwa na watu hao wawili kabla ya adhuhuri. Ile kubwa ya mashamba ya kampuni hukadiriwa kwamba moja hushika mahali pa watu mia.

Habari zake zilitufikia kwanza kutoka Kericho, wala si ajabu, kwa kuwa barabara inayotoka Kisii ikapita Keroka na kuingia Sotik ndiyo njia ambayo tangu enzi za ukoloni vijana na kina mama wa Gusii wameifuata kwenda kutafuta kibarua katika mashamba makubwa ya chai. Waliifuata hata baada ya misukosuko iliyozuka kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, ilipowalazimu wengi wao kurejea kwao mikono mitupu. Huko Kericho, mwaka 2010, chama cha wafanyakazi wa mashambani, KPAWU, kiliitisha mgomo kwa ajili ya mashine hizi. Mgomo ukapita, mashine zikazidi. Machi 2023 jopo lililoundwa na serikali ya kaunti hiyo lilipendekeza kwamba kampuni zifuate kiwango cha 60 kwa 40, yaani katika kila sehemu mia za chai sitini zivunwe kwa mashine na arubaini kwa mikono, na kwamba uingizaji wa mashine nchini uwekewe mipaka ya sheria; na mmoja wa wajumbe wake alisema kuwa ajira 30,000 zilikuwa zimepotea katika kaunti ya Kericho peke yake kwa muda wa miaka kumi. Miezi miwili baadaye, kabla mapendekezo hayo hayajazaa tunda, ghadhabu ikafurika, na mashine kadhaa za kampuni ya Ekaterra, iliyoyarithi mashamba ya Unilever, zikateketezwa kwa moto.

Siwezi kuutetea moto ule, kwa kuwa haukumrudishia kazi mtu hata mmoja, na ulimpa mwenye mali hoja ya kuwaita wafanyakazi wahalifu badala ya kuwajibu. Hata hivyo yatupasa tuwe na insafu. Watu waliogoma wakapuuzwa, kisha wakangoja jopo na wakaona maneno yake yamewekwa kwenye rafu, hawakuanza kwa kiberiti. Wafumaji wa Uingereza waliovunja mitambo ya kufumia kuanzia mwaka 1811 walipata jibu la namna hiyo: Bunge lao lilipitisha mwaka 1812 sheria ya kumnyonga mvunjaji wa mtambo, na tangu hapo wamefanywa mfano wa kuwadhihaki wote wanaodhaniwa kuogopa maendeleo, ilhali malalamiko yao makubwa yalikuwa juu ya ujira na ustadi wao uliodharauliwa. Mahali ambapo mjadala umefungwa mlango, neno hutafuta dirisha.

Sasa tazameni jinsi hali yetu ilivyo tofauti na ya Kericho, maana hapa ndipo penye kiini cha shauri langu. Kule, mwenye shamba ni kampuni, na senti inayookolewa kwa kumwondoa mchumaji huenda kwa wenye hisa walio mbali. Huku kwetu chai ni ya mkulima mdogo. Iliingia katika mashamba ya Gusii mwishoni mwa miaka ya 1950, ikasimamiwa tangu mwaka 1964 na shirika la chai la wakulima wadogo, KTDA, ambalo leo linawahudumia wakulima zaidi ya 600,000 nchini kote. Na viwanda vyetu, Nyansiongo, Tombe, Gianchore, Ogembo, Kiamokama, Nyamache na vinginevyo, ni mali ya wakulima wenyewe, wenye kura ya kuchagua wakurugenzi. Basi mtu wa Gusii yumo katika shauri hili kwa nafsi mbili: ni kibarua anayefukuzwa na mashine Kericho, na ni mwenye michai anayetamani kuinunua mashine iyo hiyo nyumbani kwake. Na nchi yenyewe ni ndogo mno kwa watu wake. Katika hesabu ya mwaka 2019 kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, na huko Kisii walikadiriwa watu zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Mahali kama hapo, anayepoteza kibarua hana msitu wa kufyeka wala ardhi tupu ya kuhamia.

Wakulima wanaoitaka mashine wana hoja, na ni dhulma kuwaita walafi. Malipo ya kila mwezi huliwa na ujira wa kuchuma kabla ya mbolea na karo. Bonasi ya mwisho wa mwaka upande wetu ni haba kuliko ile wanayoipata wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa, na kila mwaka ikitangazwa huleta manung'uniko. Vijana hawataki tena kikapu. Na nyumba nyingine, siku chai inapopamba moto, watoto huzuiwa shule ili wakachume. Mashine ambayo ingemrudisha mtoto darasani ningeipokea kwa mikono miwili.

Lakini nauliza: ni nani anayechuma leo? Aghalabu ni mwanamke, naye huchuma kwa namba ya ukulima iliyoandikwa jina la mume au la baba mkwe, hata malipo yakiingia benki yeye hana saini. Mwingine ni mjane au mama asiye na shamba, anayechuma kwa jirani kwa kilo, na kwa kilo hizo hununua unga jioni iyo hiyo. Mashine ikija, wanaoishika ni vijana wawili wa kiume kwa kuwa ni nzito na ina injini. Nafuu humfikia mwenye namba. Na mama yule huambiwa tu kwamba kesho asije. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, yaamuru kwamba mfanyakazi anayeachishwa kwa sababu kazi yake imekwisha apewe notisi, na alipwe ujira usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Sheria njema, ila yamfikia mwenye mwajiri na miaka inayohesabika, na mama wa kilo hana barua wala miaka iliyoandikwa popote, japokuwa amechuma mstari ule ule tangu ujana wake.

Afrika Mashariki imewahi kuliona jambo hili. Tanganyika, ambako Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge mwaka 1893, ilikuja kuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo, na mashamba ya Tanga yakajaa manamba waliotolewa mikoa ya mbali kwa mikataba. Kisha viwanda vya ng'ambo vikagundua kusokota kamba kwa nyuzi za bandia, bei ikaporomoka katika miaka ya 1960, mashamba yakafifia moja baada ya jingine. Waliobuni nyuzi hizo hawakumjua manamba, naye hakuitwa mahali popote kushauriwa. Akabaki na makovu ya miiba mikononi. Tofauti yetu na yeye ni kwamba mashine yetu tunaiona inakuja, na mlango itakaopitia ni wetu.

Tena kuna hesabu ambayo washangiliaji wa mashine huiruka. Chai yetu huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, kwa dola, na mnunuzi hulipa kwa ubora wa kikombe. Jina la chai ya mkulima mdogo wa Kenya limesimama juu ya yale majani mawili na chipukizi. Mkulima akiokoa ujira shambani kisha kiwanda kikapeleka Mombasa chai yenye vijiti, alichookoa kwa mkono wa kulia atakipoteza kwa wa kushoto, na bonasi ambayo tayari ni haba itazidi kukonda. Wala hasara haitakuwa yake peke yake, maana kiwandani majani ya jirani aliyechuma kwa mkono huchanganywa na ya aliyekata kwa wembe. Nakiri kwamba Wajapani huvuna sehemu kubwa ya chai yao kwa mashine na chai yao yasifika. Lakini wao wamezilea meza za michai yao ziwe sawa kwa ajili ya wembe, kwa miaka mingi na kwa mafunzo, na shamba la mteremko wa Nyamache halitakuwa hivyo kwa kununua mashine ya mkopo mwezi ujao.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba mashine isipokewe kwa moto wala kwa kimya, bali ipokewe kwa masharti yaliyoandikwa. Isiwe mali ya mtu mmoja mwenye fedha anayeikodisha kijiji kizima, bali inunuliwe na kiwanda au na kundi la wakulima wa kituo kimoja, na waliokuwa wakichuma wawe wa kwanza kufunzwa kuitumia, kuitunza na kulipwa kwayo, wanawake wakiwemo. Na sehemu ya kinachookolewa, kwa kiasi kitakachokubaliwa hadharani, iwe fungu la wale watakaokosa kazi. Wazee wetu walikuwa na risaga, jirani akiitana na jirani kulimiana kwa zamu, na hapakuwa na mtu aliyenunua jembe ili jirani yake afe njaa. Kilimo ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na Katiba hiyo hiyo yataka wananchi washirikishwe. Basi mabunge ya kaunti za Kisii na Nyamira yakae pamoja, maana michai haijui mpaka, na Keroka penyewe pako pande zote mbili, yaunde jopo moja kabla mambo hayajaharibika, na mapendekezo yake yawe sheria.

Na katika mabaraza hayo aitwe mchumaji. Mkutano ukiitishwa saa tatu ya asubuhi, siku ya kuchuma, watakaokuja ni wale wasiochuma, na watasema kwa niaba ya wasiokuwapo. Uitishwe alasiri, baada ya lori la kiwanda kuondoka kituoni, kwa Ekegusii na kwa Kiswahili, na mama wa kilo apewe nafasi ya kusema mapema, si baada ya watu kuanza kutawanyika.

Nawe msomaji mwenye namba ya chai, mkutano mkuu wa kiwanda chako utakapowadia usingoje bonasi itangazwe ndipo uinue sauti. Inuka mapema, uwaulize wakurugenzi mbele ya watu: mashine zitakuwa za nani, atakayeacha kikapu atalipwa nini, na jina lake limeandikwa wapi? Usikae mpaka wajibu.