Gunia la mboga mlangoni, na pesa ya kijana

JIONI katika mitaa ya mabanda, mama anayelea watoto peke yake hupiga hesabu ile ile: unga upo, mafuta yamebaki kidogo, mboga je? Fungu moja kwa mama mboga si ghali, lakini likinunuliwa kila siku, mara nyingine kwa deni, linameza pesa ya daftari na ya sabuni. Na asiye na shamba atapanda wapi?

Wakazi wengi wa Kibera jijini Nairobi walipata jibu ndani ya gunia. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwapotezea watu vibarua huku bei ya vyakula ikipanda. Kipindi hicho shirika la Solidarités kutoka Ufaransa liligawa miche, na magunia ya mboga yakaanza kuonekana milangoni. Mwaka 2008 kundi la vijana, baadhi yao wakiwa wameachana na uhalifu, lilisafisha jaa la taka kando ya reli hapo hapo Kibera na kuligeuza shamba.

Kutengeneza gunia si kazi ya msomi. Mkebe mkubwa usio na kitako husimamishwa katikati na kujazwa mawe, kisha pembeni hutiwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Mkebe huvutwa juu, hujazwa tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae na nguzo ya mawe ibaki katikati. Maji yakimiminwa kwenye mawe hayo hufika hadi chini badala ya kutuama juu. Ubavuni hutobolewa matundu ya miche ya sukuma wiki, spinachi au mnavu. Juu hukaa vitunguu na dania. Sukuma wiki huchumwa majani ya chini kwanza, na shina huendelea kutoa kwa miezi.

Udongo usichotwe karibu na mtaro wa maji taka wala karakana, kwa kuwa sumu ya madini kama risasi hudhuru watoto zaidi ya wakubwa. Maji nayo hununuliwa kwa mtungi, kwa hiyo yaliyooshea mchele au mboga yasimwagwe. Na gunia likae juu kidogo au lizungushiwe wavu. Mbuzi wa mtaani hawana adabu.

Hayo yote yanafundishika kwa asubuhi moja. Kinachovunja vikundi ni pesa. Kikundi cha akina mama na vijana hudumu zaidi pale kitalu kinapokuwa cha wote, lakini kila mwanachama ana magunia yake anayoyajua, na mauzo yanaandikwa kwenye daftari mbele ya kila mtu. Mwenyekiti anayeweka daftari kwapani ameshaanza kukiua kikundi.

Nyumbani nako kuna mtihani wake. Msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito akiuza mboga zake, hununua nepi au sodo bila kumwomba mtu. Shilingi hiyo, hata iwe ndogo kiasi gani, hupunguza idadi ya wanaume wanaoweza kumrubuni. Sasa mzazi akiipokea yote na kuitia kwenye kodi ya nyumba, yeye ataiita msaada, binti ataiita kunyang'anywa, na wiki ijayo hatakwenda kumwagilia. Kijana wa kiume ndiye hukimbia upesi zaidi. Atarudi kijiweni bila hata kuaga. Kuna pia baba aliyecheka gunia lilipokuwa tupu, ambaye huwa wa kwanza kuuliza zimeuzwa ngapi.

Njia ya haki ni kugawa kabla ya kuvuna. Mboga ya sufuria ni ya nyumba nzima, hiyo haina mjadala. Inayopelekwa sokoni ni ya aliyeilima, na akichangia unga, achangie kiasi kilichokubaliwa. Mazungumzo hayo yafanywe miche ingali kitaluni. Sukuma wiki huanza kuchumwa kati ya mwezi mmoja na miwili baada ya kupandikizwa, na pesa ya kwanza ikishaonekana, kila mtu nyumbani huwa na maoni.